Asiyejua Maana Haambiwi Maana: Faili za Kisayansi na Wajibu wa Msomi wa Kiswahili

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkejeli mtu aliyeshindwa kung'amua fumbo. Hata hivyo, ipo siku methali hii humgeukia msomi mwenyewe. Ni siku anapokabidhiwa faili ya tarakilishi iliyosheheni maarifa, akaifungua, akakuta vijisanduku, alama za kuulizia na herufi zisizotamkika. Faili haijaharibika, aliyepungukiwa ni msomaji. Makala haya yanashikilia kwamba kufungua na kusoma faili za kisayansi ni suala la usomaji wa matini, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana wajibu wa kulifafanua kwa lugha yake.

Kiswahili si mgeni katika uwanja huu. Mnamo tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi. Ilikuwa satelaiti ya kwanza kutengwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani, na kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina Uhuru. Orodha yake ya nne, iliyochapishwa mwaka 1978, ina vyanzo 339 vya miale hiyo. Hadi leo wanaastronomia hutaja baadhi ya vyanzo hivyo kwa majina yanayoanza na 4U, na herufi U ni ya neno Uhuru. Kwa hivyo neno la Kiswahili limo katika kumbukumbu za mbingu. La kusikitisha ni kwamba mwenye lugha hiyo hajapata maelezo ya Kiswahili ya namna ya kuzisoma kumbukumbu za aina hiyo.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kutofautisha faili za aina mbili. Faili ya maandishi huhifadhi herufi, na kila herufi ya kawaida ya alfabeti ya Kilatini huchukua baiti moja, yaani kikundi cha biti nane. Faili ya jozi, ambayo ndiyo hutumiwa sana na wanasayansi, huhifadhi nambari zenyewe kama tarakilishi inavyozifahamu. Chukua kipimo cha joto cha 27.43891. Kikiandikwa kwa herufi, kitachukua baiti nane pamoja na kitone chake. Katika faili ya jozi huweza kuwekwa kwa baiti nne tu, na kila kipimo cha aina hiyo huchukua nne zizo hizo, kiwe kirefu au kifupi. Kwa sababu hiyo, programu inaweza kurukia kipimo cha milioni moja bila kuvisoma vilivyotangulia. Faida hiyo ina gharama yake: jicho la binadamu halioni tena nambari, na programu lazima ielezwe kila kitu.

Hatua ya kwanza ya maelezo hayo ni fupi mno. Katika lugha ya Python, anayefungua faili huandika herufi mbili, "rb". Ya kwanza huagiza kusoma; ya pili huarifu kwamba yaliyomo ni baiti tupu, yasigeuzwe kuwa herufi. Herufi hiyo ya pili ikisahauliwa, programu hujaribu kuzifasiri baiti kama maandishi, na mara nyingi hukwama papo hapo kwa kukutana na baiti isiyo herufi. Kukwama huko ni afadhali. Hatari kubwa zaidi ni pale programu isipokwama, ikaendelea kutoa majibu ya uongo kwa utulivu.

Uongo huo huzaliwa na mpangilio. Tuseme baiti mbili zinafuatana, ya kwanza ikiwa na 1 na ya pili ikiwa na 0. Msomaji anayeamini kwamba baiti kubwa hutangulia atapata 256. Anayeamini kwamba ndogo hutangulia atapata 1. Wote wawili wamesoma matini ileile. Mswahili hupaswa kulielewa jambo hili upesi, kwani yeye husema ishirini na moja, akatanguliza makumi, ilhali Mwarabu na Mjerumani hutanguliza moja kisha wakataja ishirini. Karani anayeandika tarakimu kwa kufuata anavyosikia, bila kujua msemaji anatumia lugha gani, ataandika 12 mahali pa 21. Danny Cohen, mtaalamu wa tarakilishi, alipoandika kuhusu mgogoro huu mwaka 1980, aliazima majina ya pande mbili kutoka kwa Jonathan Swift, ambaye katika masimulizi ya safari za Gulliver ya mwaka 1726 aliwachora watu waliopigana vita kwa ajili ya upande wa kuvunjia yai. Wahandisi walipotafuta istilahi, walikwenda kubisha mlango wa fasihi. Je, mwanafasihi ana sababu gani ya kuukimbia mlango wa wahandisi?

Isitoshe, msomi wa Kiswahili amelikabili tatizo hili hili kwa karne kadhaa, ila kwa jina jingine. Miswada ya kale ya pwani iliandikwa kwa hati ya Kiarabu, hati yenye alama tatu za irabu kwa lugha yenye irabu tano, na isiyo na herufi asilia za p, g, ch wala v. Mwandishi alipotumia herufi ya b kwa sauti ya p, neno "pata" na neno "bata" yaliweza kufanana karatasini. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa, yaliyokuja kuchapishwa na Hichens mwaka 1940, yalitufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua, aliyeshirikiana na W. E. Taylor kuyakusanya, alizijua hati, lahaja na watu wa mji wake. Hati pekee isingetosha. Ilihitaji mjuzi wa kanuni za usomaji wake. Faili ya jozi iko katika hali iyo hiyo.

Huenda msomaji akadhani kwamba nambari zikishasomwa sawasawa, kazi imekwisha. Chombo cha Marekani kilichoitwa Mars Climate Orbiter chathibitisha kinyume chake. Kilirushwa Desemba 1998, na tarehe 23 Septemba 1999 kikapotea kilipofika kwenye sayari ya Mirihi. Uchunguzi ulionyesha kuwa faili moja iliyotayarishwa ardhini ilikuwa na vipimo vya msukumo kwa ratili za Kiingereza, ilhali waliozipokea nambari hizo walizichukulia kuwa za nyutoni. Tofauti ilikuwa takriban mara 4.45. Faili ilifunguka na nambari zikasomeka. Kilichokosekana ni maana, na kwa kukosa maana chombo kikaangamia.

Dawa ya maradhi haya inajulikana. Mwaka 1981 wanaastronomia walichapisha muundo uitwao FITS, ambao kila faili yake hutanguliwa na kichwa cha maandishi yanayosomeka kwa macho. Mistari ya kichwa hicho ina herufi 80 kila mmoja, na hupangwa katika mafungu ya baiti 2880. Humo hutajwa kila nambari ina biti ngapi, jedwali lina pande ngapi na, mwandishi akipenda, vipimo ni vya nini. Maktaba ya Vatikani iliuchagua muundo huu huu kuhifadhia picha za miswada yake. Kumbe wahifadhi wa ngozi na wino wametambua kwamba faili ifaayo kudumu ni ile inayojieleza yenyewe.

Wapo watakaopinga kwamba wanafunzi wa sayansi hujifunza kwa Kiingereza, hivyo maelezo ya Kiswahili ni kazi bure. Hoja hii ina uzito, lakini inasahau kwamba anayekariri "rb" bila kuelewa hawezi kuligundua kosa lisilopiga kelele. Ufahamu wa kina hujengwa kwa lugha ambayo mtu huitumia kubishana, kufananisha na kutania. Wengine watasema tusubiri istilahi zikamilike. Hao nao wajiulize: ubishi kati ya tarakilishi, kompyuta na ngamizi umemfundisha mwanafunzi yupi kufungua faili? Istilahi hukomaa ndani ya nathari, kama vile chuma hunyooshwa kingali moto. Orodha ya maneno yasiyotumiwa katika sentensi ni ghala la mbegu zisizopandwa.

Zaidi ya hayo, suala hili limekwisha kuingia nyumbani. Mwanafunzi anayerekodi malenga, manju au wazee wa lahaja zinazofifia huhifadhi sauti zao katika faili za jozi. Faili ya sauti ya WAV, kwa mfano, huanza kwa herufi nne, RIFF, kisha hueleza sauti ilipimwa mara ngapi kwa sekunde na kwa biti ngapi. Hata hivyo haimtaji msemaji, kijiji, lahaja wala tarehe iwapo mtafiti hakuyaandika. Mzee akishafariki, sauti yake itabaki kama mswada usio na mwanzo.

Basi idara za Kiswahili na zidai kwamba kila tasnifu yenye rekodi iambatanishwe na maelezo ya faili zake, kwa Kiswahili sanifu: muundo, vipimo, msemaji, mahali na siku. Na vyama vya wanafunzi viwaalike wenzao wa sayansi, waandike pamoja mwongozo mfupi wa kusoma faili, kurasa chache tu kwa kuanzia. Haba na haba hujaza kibaba. Asiyejua maana haambiwi maana, kweli. Lakini aijuaye akiificha, lawama si ya asiyejua tena.