Kitanda Kitupu Kinalipiwa

Hebu tuachane na hadithi ya usalama. Ukitaka kujua kwa nini mhamiaji anafungiwa Marekani, anza na kandarasi. Kampuni kama GEO Group na CoreCivic zinalipwa na serikali, na kandarasi nyingi zina kiwango cha chini: idadi fulani ya vitanda italipiwa hata vikikaa vitupu. Sasa nani atalipia kitanda halafu akiache bure? Lazima atafutwe mtu wa kukilalia.

Na huyo mtu, ambaye kesi yake ya uhamiaji hata si ya jinai, ndiye anayepika, anayefua, anayepiga deki. Malipo? Dola 1 kwa siku, kiwango kilichowekwa na Bunge la Marekani mwaka wa 1950. 1950, jamani! Kule Tacoma, mwaka wa 2021, baraza la mahakama liliamua GEO iwalipe dola milioni 17.3 kwa kukiuka kima cha chini cha mshahara. Kampuni ikafanya nini? Ikasimamisha kazi zenyewe.

Mwaka wa 2025 Bunge likatenga dola bilioni 45 za kuzuilia wahamiaji. Piga hesabu ya vitanda, halafu uniambie wahalifu wa kuvijaza watatoka wapi.