Baraka na Fizi: Mukanda usipatikane kwa pesa wala kwa haraka

Kijana anayejifunza judo ao karate anangojea siku moja kwa hamu kubwa: siku ya mutihani wa kupanda daraja. Wazazi nao wanauliza, « Mutoto wetu atavaa mukanda wa manjano lini? » Swali lenye kufaa zaidi ni hili: amejifunza nini?

Judo, iliyoanzishwa na Kano Jigoro kule Japani mwaka 1882, inaanza na kuanguka. Mbele ya kumutupa mwenzake, mwanafunzi anajifunza kulinda kichwa na kupiga mukono chini. Mikanda ya rangi ilikuja baadaye. Mikinosuke Kawaishi aliieneza Ufaransa miaka ya 1930, ili wanafunzi wasivunjike moyo njiani. Rangi inatia moyo, lakini haichukui nafasi ya mazoezi.

Jambo hili ni zito katika teritware ya Fizi, ambako makundi yenye silaha yamevuta vijana kwa miaka mingi. Huku, nguvu bila kujizuia ni hatari kwa jirani. Mukanda ukitolewa kwa sababu tu mzazi amelipa, kijana anafundishwa kwamba kila kitu kina njia ya mukato. Mwalimu anayemwambia « rudi ufanye tena mazoezi » anamusaidia kuliko yule anayemupitisha.

Popole Misenga, muzaliwa wa Bukavu, alitenganishwa na jamaa yake kwa sababu ya vita akiwa mutoto. Alijifunza judo Kinshasa. Mwaka 2016, kule Rio, alishinda pambano lake la kwanza akiwa katika timu ya wakimbizi ya Olimpiki. Hakupata medali, lakini dunia iliona kazi ya miaka mingi.

Kwa hiyo, walimu wa Baraka na Fizi watangaze mapema mambo yatakayoulizwa. Mutihani usimamiwe na mutu mwingine, si mwalimu wa kijana peke yake. Wazazi waalikwe, waone. Na wakubwa wa michezo wa Kivu Kusini wawasaidie wasimamizi kufika Baraka kwa barabara ya taifa namba 5, kuliko kuwaachia watoto safari hiyo.

Atakayeshindwa asichekwe. Atakuwa amejifunza somo la kwanza la judo: kuanguka, kisha kusimama tena.