Nani Anakula Pesa za Twisti?

Leo nianze na umbeya wa Ulaya, kwani umbeya wa hapa kwetu mwaujua kunishinda.

Tarehe 1 Januari 1962, vijana wanne kutoka Liverpool waliingia studio ya kampuni ya santuri ya Decca mjini London kujaribiwa. Siku hiyohiyo ilijaribiwa bendi nyingine, Brian Poole na Tremeloes wake, watoto wa Dagenham. Wakubwa wa Decca wakakaa, wakakuna vichwa, wakachagua Tremeloes. Yasemekana sababu kubwa ilikuwa Dagenham ni karibu na London, nauli yake rahisi. Wale wa Liverpool wakarudishwa kwao. Jina lao lilikuwa Beatles. Waliofanya uamuzi ule wamechekwa hadi makaburini.

Lakini msiwacheke sana Tremeloes. Waliachana na Brian Poole, wakafika namba 1 Uingereza mwaka 1967, kisha 1968 wakatoa wimbo mmoja wa kurusha miguu uliofika namba 14 katika chati ya huko. Wimbo huo waitwa Helule Helule. Na Helule Helule haukutungwa Dagenham wala London. Ulitoka Nairobi, katika studio za Equator Sound, kwa Daudi Kabaka, Mluhya, fundi wa twisti, yule ambaye Harambee Harambee yake ilitangulia taarifa ya habari redioni miaka nenda miaka rudi. Bendi iliyowashinda Beatles mlangoni pa Decca ilikuja kuombea chumvi kwa Mluhya.

Nauleta umbeya huu kwa kuwa mwezi uliopita niliusikia wimbo wa Kabaka mahali nisipoutarajia. Nilikuwa Navakholo.

Kwa msomaji wa Lamu au Kisauni asiyepajua: ukitoka mji wa Kakamega ukashika njia ya Ingotse kuelekea Bungoma, unapita mashamba ya miwa na mahindi hadi ufike soko la Navakholo, nchi ya Wanyala. Si mbali na Mumias, na Mumias hatuhitaji kuelezwa sisi. Huko ndiko ilikokuwa ikitua misafara ya wazee wetu wa pwani katika karne ya 19, wakapokewa na jamaa wa Nabongo, na Uislamu ukaota mizizi hadi leo. Basi nikiwa na kofia yangu kichwani hapana aliyenishangaa. Kijana mmoja mwenye kibanda, kompyuta moja na spika mbili kubwa kuliko yeye mwenyewe, alinipokea kwa adabu: "Karibu, ustadh. Tukutilie Kaswida?"

Kazi ya kijana huyu ni kutia nyimbo katika flashi na kadi za simu. Ukimpa shilingi 50 anakujazia nyimbo hata hutazimaliza kusikiliza hadi mvua nyingine. Mteja wake mkubwa ni dereva wa matatu, wa pili ni mwenye baa, na wa tatu, ambaye kijana amwita mteja wa usiku, ni mwenye disko la matanga.

Nikamuuliza ana nini cha zamani. Akaniwekea Kabaka, tena kwa fahari, kwani ni mtu wa kwao. Kisha akaniwekea Malaika.

"Huyu ni nani?" nikamuuliza.

"Boney M, mzee."

"Kijana wangu, Malaika ni ya Fadhili William, mtoto wa Taita."

Akaigeuza kompyuta nione mwenyewe. "Hapana, mzee. Hapa imeandikwa Boney M."

Nami ningesema nini? Imeandikwa. Na hapa hebu tuongeze umbeya kidogo. Boney M walioimba Malaika mwaka 1981 walikuwa na mwanamume mmoja, Bobby Farrell, aliyecheza jukwaani hadi wasichana wakazirai. Sauti nzito ya kiume katika santuri zile haikuwa yake. Ilikuwa ya bwana aliyeiunda bendi, Mjerumani Frank Farian, aliyejifungia studio akaimba mwenyewe, halafu akampeleka Farrell akapanue mdomo mbele ya watu. Mwaka 1990 mchezo wake huohuo na vijana wa Milli Vanilli ulifichuka, wakanyang'anywa tuzo ya Grammy. Kwa hivyo kule Navakholo, kwa kijana wangu, Malaika ni mali ya bendi ambayo hata sauti yake si mali ya mwenye mdomo.

Wala Fadhili mwenyewe hakuachiwa. Wapo wanaosema Malaika ni ya Adam Salim, wapo wanaosema ni ya Grant Charo, na barza nzima za Mombasa zimegombana kwa jambo hilo. Mimi siingii. Ninalolijua ni kuwa Fadhili aliitia katika santuri mwanzoni mwa miaka ya 1960, dunia nzima ikaiimba baada yake, na alipofariki mwaka 2001 hakuwa tajiri. Kabaka alimfuata mwaka huohuo.

Sasa turudi kwa yule mteja wa usiku. Sisi tukisema matanga twafahamu hitima, uji wa asubuhi, wanawake ndani na wanaume nje kwenye majamvi. Magharibi ya Kenya neno letu hilo limechukuliwa likavishwa nguo nyingine. Mtu akifa, spika zinakodiwa, jenereta inawashwa, na vijana wanacheza hadi alfajiri huku mchango wa maziko ukikusanywa. Wakuu wa serikali huko Kakamega wamelipiga marufuku disko la matanga si mara moja wala mbili, kwa sababu ya wasichana wa shule wanaorudi nyumbani na mimba na vijana wanaorudi na majeraha. Marufuku inatoka, spika zinanyamaza wiki mbili, kisha anakufa mtu mwingine.

Mashekhe watasema yao juu ya hilo, nami nawaachia. Swali langu ni la mhasibu. Katika usiku ule mmoja, mwenye jenereta kalipwa, mwenye spika kalipwa, muuza petroli kalipwa, kijana wa flashi kalipwa shilingi zake 50. Aliyetunga wimbo je?

Kwa mujibu wa sheria, kila anayepiga muziki mbele ya umma kwa manufaa yake, awe mwenye hoteli, matatu au duka, hulipia leseni, na pesa hizo zigawiwe kwa jina la mirabaha. Kwa watunzi chama kilichozoeleka ni MCSK, kilichoanzishwa mwaka 1983. Wapiga ala na waimbaji wana PRISK, watayarishaji wana KAMP. Juu yao wote kuna KECOBO, bodi ya serikali ya hakimiliki, inayotoa leseni ya kukusanya. Na hapo ndipo umbeya wa muziki wa Kenya unapopita wa Boney M.

Mwaka 2017 KECOBO iliinyima MCSK leseni, ikawapa chama kingine, MPAKE. Wanamuziki wakaenda mahakamani, na mahakama yenyewe haikuwa ya Nairobi, ilikuwa Mahakama Kuu ya hapohapo Kakamega, ambayo mwaka 2018 iliifuta leseni ya MPAKE. MCSK wakarudi. Mwaka 2025 KECOBO ikawanyima tena, ikawapa wengine, PAVRISK, na mawakili wakavaa tena majoho. Kila mmoja anasema mwenzake ndiye mwizi. Ukiwasikiliza wote kwa pamoja, unaweza kudhani wote wanasema kweli.

Nao wasanii wanapata nini wakati wazee hao wanavutana? Mwaka 2019 MCSK iligawa pesa, na wanachama karibu 14,000 wakapata kila mmoja shilingi 2,530. Zisome tena: 2,530. Aliyeimbwa nchi nzima mwaka mzima na aliyetoa wimbo mmoja uliosikizwa na mamake, wote 2,530. Wasanii wakapiga kelele, magazeti yakajaa picha, na kelele zote zilikuwa juu ya udogo wa pesa.

Mimi naona walipigia kelele kitu kingine. Udogo ni kweli, lakini usawa ule ndio ushahidi. Mtu hagawi sawasawa ila pale asipojua nani alifanya nini. Kama ungekuwa na hesabu ya nyimbo zilizopigwa, ungemlipa kila mtu kwa wimbo wake. Walilipwa sawa kwa kuwa hapana aliyeandika kilichopigwa.

Tazama upande wa pili, ule wa simu. Mtu akinunua mwito wa Skiza, mashine inaandika: wimbo gani, nani, saa ngapi, shilingi ngapi. Kwa kuwa hesabu ipo, Bunge liliweza kuikamata. Sheria ya hakimiliki iliyorekebishwa mwaka 2022 ikasema msanii asipewe chini ya asilimia 52 ya mapato ya miito hiyo, kampuni ya simu asilimia 39.5, na mtu wa kati asilimia 8.5. Kabla ya hapo msanii alikuwa akiachiwa makombo. Sisemi sasa ananeemeka, nasema angalau yajulikana nusu ya nini.

Navakholo hapana mashine ya namna hiyo. Anayekuja kutoka mjini huja kudai ada ya leseni, aonyeshe karatasi, apewe pesa, aondoke. Hamwulizi mwenye baa alipiga nyimbo za nani. Kwa hivyo shilingi inayotoka Navakholo kwa sababu ya wimbo wa Kiluhya haina njia ya kumfikia Mluhya aliyeuimba. Inaingia chunguni pamoja na za Nairobi, na chungu hakina kumbukumbu.

Na hili nililiona kwa macho yangu: yule kijana wa flashi ana daftari. Daftari la shule, la mistari. Kila mteja akiomba wimbo, anaandika, ili ajue kipi kinatakiwa na kipi akakitafute. Lina kurasa na kurasa, kwa tarehe: Kabaka, Luseno, benga la Wajaluo, rumba la Kongo, injili nyingi kupita zote, na Boney M wake. Nikamuuliza kama amewahi kuombwa daftari hilo na chama chochote. Akacheka. "Mzee, wao hutaka risiti tu."

Huenda ni daftari bora la mirabaha katika kaunti nzima, nalo limewekwa chini ya soda.

Katika daftari lile sikuona jina la George Mukabi, nami nilisikitika. Mukabi, mtu wa Kisa huko huko Kakamega, ndiye aliyeukuza mtindo wa gitaa uitwao omutibo: vidole viwili vitatu vikikimbizana katika nyuzi, na mwenziwe pembeni akikwaruza chupa ya Fanta kushika mwendo. Aliuawa mwaka 1963 angali kijana. Sheria ya Kenya inalinda utunzi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Hesabu mwenyewe: kazi za Mukabi zilitoka katika ulinzi mwisho wa mwaka 2013. Miaka 50 ile yote ilipita na sehemu yake chama cha kumkusanyia hakikuwapo, na kilipokuwapo kilikuwa na shughuli zake. Sasa Mzungu akizichapisha upya Marekani, na wapo waliochapisha, sheria ya hapa haimdai kitu kwa utunzi ule.

Msiseme hayo ni ya Waluhya, sisi yanatuhusu nini. Kanda za taarabu za Mombasa zilitengenezwa vipi? Harusi inapigwa, kinasa sauti kipo mbele, asubuhi kanda ziko dukani. Juma Bhalo aliimba mashairi ya Ahmad Nassir, Zein l'Abdin akaimba ya Sheikh Nabhany, na kanda zikafika Muscat na Dubai kabla ya mtunzi kunywa kahawa ya alasiri. Nani aliandika ngapi ziliuzwa? Mimi mdogo wao nimepata kumtungia muimbaji mmoja beti kumi na mbili, akaziimba harusi saba ninazozijua. Ujira wangu ulikuwa sahani ya biriani, tena ya harusi ya tatu. Nilipomkumbusha, akaniambia, "Kaka, ushairi ni sadaka." Nikamuuliza kama kinanda nacho alipiga kwa sadaka. Hatujaonana tangu siku hiyo.

Maalim wetu chuoni alitufundisha habari ya kibarua na jasho lake kabla hatujajua kuhesabu pesa. Hakutuambia kibarua mwenye gitaa katolewa. Anayeona kazi yenyewe haifai ana haki ya kutoisikiliza. Lakini kuisikiliza usiku kucha kisha kukumbuka uharamu wake wakati wa kulipa, hiyo ni fatwa ya mfukoni.

Kabaka alifariki 2001, kwa hivyo nyimbo zake zina mwenyewe hadi mwisho wa mwaka 2051. Fadhili vilevile. Bado kuna muda wa kuwalipa warithi wao, na chama chochote kitakachobaki na leseni mawakili wakishachoka, kazi yake ya kwanza naipendekeza bure: kitume mtu Navakholo, si na kitabu cha risiti, bali akanakili daftari lile. Akifika, ampe salamu zangu kijana, na amrekebishie ile Malaika.