Dharra, Isotopu na Safari ya Ruiru



Wapenzi wasomaji, katika miaka ya karibuni familia zetu za Pwani zimeizoea safari mpya ya matibabu. Mgonjwa hutoka Mombasa, Kilifi au Lamu, akapitia Nairobi, kisha akashika njia ya Thika hadi Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyoko Kahawa kabla ya kufika Ruiru. Wenye jamaa Ruiru, Juja au Thika hufikia kwao. Wengi huenda kupigwa picha ya PET, ambayo huonyesha mahali saratani ilipo na ilikosambaa. Na neno wanalorudi nalo hututia hofu: wametiwa mionzi mwilini.

Hapo nyumba hugawanyika. Mmoja asema mgonjwa asikaribiwe tena, hata kikombe chake kisiguswe. Mwingine asema hayo ni maneno ya madaktari tu, na mtoto apewe ziwa kama kawaida. Wote wawili waweza kumdhuru mtu. Juma hili natutazame elimu iliyo nyuma ya jambo hili, ili tujue ni lipi la kuchungwa, na kwa muda gani.

Kila tukishikacho kimefanyika kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu. Waarabu wa leo huiita atomu dharra, neno tunalolijua katika Suratu Zilzala panapotajwa uzani wa kheri na wa shari. Wafasiri wa kale walieleza kuwa dharra ni sisimizi mdogo, au vumbi lionekanalo katika mwale wa jua upenyao dirishani. Hawakuwa wakisema habari za wanafizikia, na aya haihitaji maabara ili isimame. Lakini neno lenyewe latusaidia kufikiri juu ya udogo.

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani atomu haigawanyiki. Mwaka 1897, Mwingereza J. J. Thomson alionyesha kwamba ndani yake mna chembe ndogo zaidi, elektroni, zenye chaji hasi. Kisha mwaka 1909, huko Manchester, Hans Geiger na mwanafunzi Ernest Marsden, wakiongozwa na Ernest Rutherford, walielekeza chembe ziitwazo alfa kwenye bati jembamba mno la dhahabu. Karibu zote zilipita moja kwa moja, lakini chache mno zilirudi nyuma. Fikiri mtu anarusha mbegu za ubuyu gizani kuelekea kwenye wavu. Zinapita maelfu, kisha moja inagonga na kumrudia. Atajua kuwa mle ndani mna kitu kidogo, tena kigumu. Hivyo ndivyo Rutherford alivyokata shauri mwaka 1911: karibu uzito wote wa atomu umo katika kiini kidogo kilicho katikati. Lau kiini kingekuwa na ukubwa wa punje ya mtama, atomu nzima ingefika upana wa mita 300 hivi.

Katika kiini mna protoni, zenye chaji chanya, na nyutroni, zisizo na chaji, ambazo James Chadwick alizithibitisha mwaka 1932. Idadi ya protoni ndiyo nasaba ya atomu: yenye protoni 8 ni oksijeni, yenye 53 ni iodini, na haiwi vinginevyo. Idadi ya nyutroni ndiyo iwezayo kutofautiana. Atomu za nasaba moja zilizotofautiana kwa nyutroni huitwa isotopu. Mkemia Frederick Soddy alilitangaza jina hilo mwaka 1913, lakini aliyempa ni mwanamke, daktari na mwandishi Margaret Todd, aliyelitunga kutoka Kigiriki kwa maana ya “mahali pale pale”, kwa kuwa isotopu zote za kitu kimoja hukaa nafasi moja katika jedwali la elementi.

Mfano ulio karibu nasi umo jikoni. Chumvi ya Gongoni, ikishatoka mashambani mwake, hutiwa iodini ili tusipate rovu. Iodini hiyo ni 127, yaani protoni 53 na nyutroni 74. Imetulia, haitoi mionzi yoyote. Ndugu yake ni iodini 131, yenye nyutroni 78. Kiini chake hakikutulia. Hubadilika na kutoa mionzi. Tezi ya shingoni haiwezi kuzitofautisha, huzipokea zote mbili kama chakula chake. Hilo ndilo lililowawezesha madaktari kuitibu: mwenye tezi iliyopindukia kufanya kazi, au mwenye saratani yake, hunyweshwa iodini 131, nayo huelekea shingoni yenyewe na kuua seli zilizo pale.

Isotopu za namna hii nyingi hutengenezwa na binadamu. Walioanza ni mke na mume, Irène Joliot-Curie na Frédéric Joliot, huko Ufaransa mwaka 1934, na mwaka uliofuata wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Irène alikuwa binti wa Marie Curie, aliyegundua radiamu pamoja na mumewe. Leo kazi hiyo hufanywa na mtambo uitwao saiklotroni, na hospitali hiyo ya Kahawa inao wake. Mtambo huzungusha protoni kwa kasi kubwa na kuzigongesha kwenye maji yenye oksijeni 18. Oksijeni hupokea protoni moja na kutoa nyutroni moja, ikawa florini 18. Florini hiyo hufungamanishwa na namna ya sukari, kisha mgonjwa hudungwa. Seli nyingi za saratani zina uroho wa sukari, hivyo huivuta kwa wingi, na mashine huona mionzi itokako hapo. Ndiyo sababu mgonjwa huamriwa asile kwa saa kadhaa kabla ya picha. Na mwenye kisukari yampasa aseme mapema.

Sasa tuje kwenye muda, ambao ndio roho ya habari hii. Kila isotopu isiyotulia ina nusumaisha yake, yaani muda unaopita hadi nusu ya atomu zake ziwe zimekwisha kubadilika. Nusumaisha ya florini 18 ni dakika 110. Tungeipakia katika basi liendalo Mombasa kwa muda wa saa tisa na kidogo, katika kila mafungu 32 lingefika moja. Basi ni mgonjwa anayeifuata dawa, maana dawa haiwezi kumfuata yeye. Na faraja iko hapo hapo: asubuhi ya pili yake mionzi ya sindano ile imekwisha karibu yote. Kwa saa za mwanzo, mgonjwa asipakate mtoto wala asikae karibu na mjamzito, na mama anyonyeshaye afuate saa alizopangiwa na daktari. Baada ya hapo hakuna haja ya kumkimbia.

Iodini 131 ni jambo jingine. Nusumaisha yake ni siku 8, ingawa sehemu kubwa hutoka upesi zaidi kwa mkojo. Mjamzito hapewi kabisa. Mwenye kunyonyesha humwachisha mtoto kabla ya tiba, wala hamrudishii ziwa. Kwa siku atakazotajiwa, hulala peke yake, hujitenga na watoto, na nguo na vyombo vyake huoshwa mbali. Mavyaa na mawifi wasiyafasiri hayo kuwa ni ugomvi wa ndoa wala ugonjwa wa kuambukiza. Ni amana anayowatunzia watoto wa nyumba hiyo, na siku zikitimia hurudi mahali pake.

Tena, aliyepigwa miale na mashine kwa nje, kisha akatoka chumbani, hana mionzi anayokwenda nayo nyumbani. Huyo akumbatiwe siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo, anayemsindikiza mgonjwa aulize mambo matatu kabla ya kuondoka hospitalini, na ayaandike: nimepewa isotopu gani, nusumaisha yake ni muda gani, na nikae mbali na watoto hadi lini? Na mwanamke mwenye shaka ya mimba aseme kabla ya kuguswa na chochote, wala asione haya. Kunyamaza hapo ndiko kuliko na hatari.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na awafikishe salama walio njiani. Wabillahi tawfiq.