Oktani ya juu: Chagua injini kabla ya kuchagua petroli

MFANYABIASHARA anayezunguka yadi za magari Mombasa au Nairobi huvutiwa upesi na Subaru Forester yenye turbo. Ni gari lenye nguvu, linabeba familia pamoja na magunia kadhaa ya viazi, na barabara mbovu haliliogopi. Swali ambalo wengi husahau kumuuliza muuzaji ni dogo tu: injini hii iliundwa kutumia petroli gani?

Mara nyingi jibu limebandikwa kwenye kifuniko cha tangi la mafuta, lakini limeandikwa kwa Kijapani. Japani huuza petroli za madaraja mawili. Ile ya kawaida haipungui oktani 89, na ile ya daraja la juu, ambayo Wajapani huiita haioku, haipungui 96, ingawa katika vituo vingi hukaribia 100. Forester ya turbo, Impreza WRX na Legacy GT ziliundwa kwa hiyo ya pili. Nchini Kenya, kiwango cha super kinadai oktani isiyopungua 93. Tofauti hiyo ndiyo humfuata mwenye gari hadi kwa fundi.

Oktani si kipimo cha nguvu ya mafuta, wala haimaanishi kuwa petroli ni safi zaidi. Ni kipimo cha uvumilivu. Huonyesha jinsi petroli inavyoweza kubanwa na kupata joto ndani ya silinda bila kujiwakia yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Turbo husukuma hewa nyingi ndani ya silinda, na kwa hivyo mbano na joto huongezeka. Petroli isiyohimili hali hiyo huwaka ovyo, na dereva husikia mlio kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe. Mafundi husema injini inagonga.

Injini za kisasa zina kifaa cha kusikiliza mgongo huo, na kompyuta ya gari huchelewesha cheche ya plagi ili kujinusuru. Gari hupungua nguvu na hunywa mafuta zaidi, lakini katika safari fupi za mjini mwenyewe huenda asitambue lolote. Mambo hubadilika gari likipanda mwinuko wa Maai Mahiu kuelekea Limuru likiwa na mzigo, turbo ikifanya kazi bila kupumzika. Hapo ndipo pistoni huweza kupasuka, na kufungua injini ya turbo si gharama ya kuchezea.

Mahali gari linapotumika pia pana uzito. Katika nyanda za juu, kama Eldoret iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na injini isiyo na turbo huhitaji oktani ndogo kuliko ingehitaji Mombasa, penye joto na hewa nzito. Mwenye turbo hanufaiki sana na jambo hilo, kwa kuwa turbo hufidia hewa iliyopungua.

Kwa upande mwingine, wapo wanaolipia oktani wasiyoihitaji. Toyota Probox ya lita 1.5, kipenzi cha wachuuzi wa mboga na wasafirishaji wa miraa, iliundwa kwa petroli ya kawaida ya Japani. Super ya hapa tayari inaizidi. Ikichukuliwa kwamba petroli ya bei ya juu inazidi super kwa Sh15 kwa lita, na gari linatumia lita 15 kwa siku, mwenyewe hutoa Sh225 zaidi kila siku. Kwa siku 26 za kazi hizo ni Sh5,850, na Probox haitapata nguvu yoyote kutokana na oktani hiyo. Pikipiki ya bodaboda na pampu ndogo ya kunyunyizia mashamba maji hazina haja nayo pia.

Mnunuzi asichanganye mambo mawili. Petroli za bei ya juu, kama vile V-Power ya Shell, huongezwa viungo vya kusafisha injini. Usafi huo unaweza kuwa na faida yake, lakini si oktani. Anayetafuta oktani aulize namba yake, na aulize ni ya kipimo kipi. Wamarekani hutumia kipimo tofauti, na 91 yao ni karibu 95 au 96 ya hapa. Wengi wamesoma vitabu vya magari vya Marekani na kudhani super ya Kenya imevuka mahitaji, kumbe bado.

Vichupa vya kuongeza oktani vinavyouzwa madukani navyo vina ujanja wa hesabu. Kikisema kinaongeza "pointi" 30, mara nyingi pointi 10 ni sawa na oktani moja tu. Wapo pia wanaotamani petroli ya ndege ndogo, ile inayopatikana Uwanja wa Wilson. Oktani yake ni ya juu kweli, lakini ina risasi, madini ambayo Kenya iliyaondoa kwenye petroli ya magari kufikia mwanzoni mwa 2006 kwa ajili ya afya. Risasi huua kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi. Na asiyaonee wivu magari ya Safari Rally yanayotimua vumbi Naivasha tangu mashindano ya dunia yarejee 2021. Yale ya daraja la juu hutumia mafuta maalumu ya mashindano.

Hatari kubwa kwa wote, mwenye Subaru na mwenye bodaboda, ni petroli iliyochanganywa na mafuta taa. Oktani ya mafuta taa ni ndogo mno kiasi kwamba kipimo kidogo tu huishusha super chini ya kiwango. Kwa miaka mingi mafuta taa yalitozwa ushuru mdogo kwa kuwa ni ya maskini, na pengo hilo la bei ndilo walilolivuna walaghai. Mnamo Septemba 2018 serikali iliweka ada ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa. Faida ya walaghai ilipungua, lakini mama anayewasha koroboi kijijini ndiye aliyelipia dhambi isiyo yake.

Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) hupima mafuta vituoni na kutangaza vilivyopatikana na makosa. Mwenye turbo hana budi kuifuatilia orodha hiyo, kununua katika kituo chenye wateja wengi ambako mafuta hayakai tangini, na kutunza risiti. Injini ikianza kugonga baada ya kujaza tangi, apunguze mwendo na mzigo, asikanyage mafuta hadi mwisho, na arudi na risiti yake.

Ambaye bado hajanunua ana nafasi bora zaidi. Forester isiyo na turbo ipo katika yadi hizo hizo, na super ya kawaida inaitosha.