Mvua ya Pasaka na Simu ya Mama



Mwaka huu wa 2026 Ijumaa Kuu ni tarehe 3 Aprili, Jumatatu ya Pasaka ni tarehe 6, na Jumanne yake, tarehe 7, ni Siku ya Karume. Hesabuni wenyewe: siku tano mfululizo skuli hakuna, baba yupo nyumbani, na masika nayo yamebisha hodi. Watoto hawatoki nje, nguo hazikauki, na kila baada ya nusu saa mtu anauliza kuna nini cha kula.

Wapo watakaosema, Pasaka inatuhusu nini sisi? Sikukuu ni kweli si yetu. Jirani zetu Wakristo watakwenda kusali Mkunazini na Minara Miwili, nasi tunawatakia salama. Lakini siku zenyewe ametupa Mwenyezi Mungu sote, na tutaulizwa tulizitumiaje. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga. Sasa tuseme ukweli, dada zetu: siku ya mvua nani anawachunga watoto wetu? Simu.

Tumeliona hili kwa macho yetu. Kuanzia 2022 hadi 2024 Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani, na nyumba zilijipanga zenyewe. Kulikuwa na daku, darsa, kukanda unga wa futari na kupeleka sahani kwa jirani. Hatukumsikia mtoto akisema amechoka kukaa ndani. Mwaka jana, 2025, Pasaka ikaja baada ya Idi, na hapo ndipo tulipojua kwamba nyumba yetu ilikuwa ikisimama kwa Ramadhani. Ilipoondoka, hatukuwa na letu.

Sisi ni mafundi wa nguo, na baada ya Idi ndio msimu wa harusi. Siku zile tulikuwa na gauni la bibi harusi na sare za ndugu zake kumi na wawili, zote za kutoka Jumatano. Malipo ya kwanza tulishayachukua na tulishayatumia. Basi Ijumaa asubuhi mvua ikiwa imefunga, tukawapa watoto simu, tukawashia katuni, tukafunga mlango wa chumba cha charahani. Baba watoto alikuwa kalala. Bibi yao, mama yake baba watoto, alikaa kwenye mkeka wake barazani kwa ndani. Siku mbili watoto wakampita kama wanavyopita mbele ya kabati.

Jumamosi baada ya Alasiri umeme ukazimika. Magharibi simu ikazima nayo. Mdogo wetu wa miaka sita akalia mpaka akatapika, halafu akampiga dada yake kwa rimoti. Sisi tulitoka chumbani na hasira, tayari kumchapa. Tukajizuia, maana aliyempa ile simu ni sisi, na tulimpa ili anyamaze.

Aliyetuokoa ni Bibi. Hakugomba. Alimwita yule wa miaka tisa akamwambia, "Njoo babu, nitungie uzi kwenye sindano, macho yangu hayaoni tena." Akaja. Akatunga. Akauliza vile vitundu vidogo kwenye kofia vinaitwaje, akaambiwa viua. Akauliza kofia inachukua muda gani, akaambiwa miezi, ukiwa na haraka basi haikufai. Mdogo akaacha kulia akasogea. Dada yao akaleta kandili. Bibi akaanza kusimulia jinsi alivyokuwa akishona kofia usiku, mbili tatu, akiziuza ndipo amnunulie mwanawe sare za skuli.

Baba watoto alikuwa kasimama mlangoni. Ana miaka arubaini, na habari ile hakuwahi kuisikia. Alikuja akakaa chini kwenye mkeka, hakusema kitu, akachukua kisu akaanza kumenya muhogo wa chakula cha usiku.

Ndiyo maana tunasema, na atakayekasirika atusamehe: kuwachangamsha watoto siku ya mvua si kuwatafutia kitu cha kuwanyamazisha. Ni kuwaingiza kwenye maisha ya nyumba. Mtoto hachoki kwa sababu hana midoli. Anachoka kwa sababu hana kazi, hana wa kumsikiliza, na anaona wakubwa wote wana shughuli zao ambazo yeye hazimhusu.

Na vya kufanya vipo, wala havihitaji fedha. Fundi yeyote ana gunia la mabaki ya vitambaa. Wagawieni, wakubwa washone foronya na vipochi, wadogo wapange rangi na wahesabu vifungo. Kandeni unga wa kaimati, watoto waufunike na waende kuuchungulia unavyoumuka. Kudondoshea kwenye mafuta ni kazi ya mama, kuchovya kwenye shira waachieni. Tandikeni mkeka, tegeni vitendawili, anayeshindwa atoe mji. Toeni bao na keram. Sura fupi moja wahifadhi nyumba nzima, na baba naye asomeshwe na mwanawe palipo na kosa.

Mawili ya kuangalia. Jiko la makaa lisiingizwe chumbani na madirisha kufungwa kwa sababu ya mvua, hewa ya makaa inaua watu usingizini. Na watoto wasicheze kwenye maji yaliyotuama njiani. Maji yale yamepita vyooni, na masika ndio msimu wa kipindupindu.

Hatusemi simu ni haramu. Wapo kina mama walio peke yao, mume yuko safari au hayupo kabisa, na saa moja ya katuni ndiyo saa yao ya kupika na kusali. Hao tusiwahukumu. Tunasema saa moja iwe saa moja, isiwe siku nzima.

Sasa tugeukie kwenu, mabibi harusi. Mnapokuja kupimwa gauni mnatuuliza lesi, shanga na mkia urefu gani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutuambia kwamba amezungumza na mchumba wake siku ya mvua itakuwaje. Zungumzeni. Je, yeye kwao hukaa na watu wa nyumbani, au hula akaondoka? Mama yetu Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa akiwahudumia watu wake, na wakati wa Sala ukifika hutoka kwenda kusali. Imepokewa pia kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza kiatu chake kwa mkono wake. Basi mwanamume akikwambia kukaa na watoto ni kazi ya wanawake, muulize kwa adabu hiyo kaipata wapi. Nanyi msimzoeshe ugeni. Tangu wiki ya kwanza mpe kisu amenye.

Gauni lile la mwaka jana lilichelewa siku moja. Tulimwomba bibi harusi radhi na tukampunguzia fedha. Iliuma, sisi ni wafanyabiashara. Lakini mwaka huu tumejifunza: kazi ya kutoka wiki ya Pasaka hatukuichukua, na waliotukasirikia tumewaelekeza kwa mafundi wenzetu.

Maana Bibi hayupo tena. Alitangulia mbele ya haki mwezi wa Rajabu uliopita, Mwenyezi Mungu amrehemu na amsamehe. Kofia ile haikwisha. Ipo kwenye kopo la biskuti, duara la juu tayari, pembeni nusu. Mjukuu wake ndiye anayeiendeleza. Viua vyake vimepinda, ukilinganisha na vya Bibi unajua hapa mkono ulibadilika. Tumeambiwa tusivifumue, na hatutavifumua.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aijaalie mvua hii iwe ya manufaa, asiifanye ya madhara, awalinde walio mabondeni, na azijaze nyumba zetu maneno mazuri. Wenye wazee ndani, siku hizi tano wasogezeni watoto mkekani kwao. Amin.

Wabillahi tawfiq.