PANELI MPYA ZA JUA: TUNUNUE AU TUNGOJE?

Mwanachama aliyepata pesa zake za karafuu na akataka kutia umeme wa jua nyumbani kwake hukutana na kauli mbili. Mmoja humwambia anunue leo. Mwengine humwambia angoje, kwani nchi za nje wamekwisha gundua paneli mpya zitakazozifanya hizi za leo kuwa takataka. Sisi twaona kauli zote mbili zina chembe ya kweli, lakini hapana hata moja ya kufuatwa kama ilivyo. Yafaa kwanza tukijue hicho kitu kipya.

Paneli tunazoziona juu ya mapaa yetu, takriban zote, ni za silikoni, kitu kinachopatikana katika mchanga na mawe. Seli ya kwanza ya silikoni iliyofaa kwa kazi ilionyeshwa Marekani mwaka 1954 na Chapin, Fuller na Pearson wa Bell Laboratories. Iligeuza kiasi cha asilimia 6 tu ya nguvu za jua kuwa umeme. Leo paneli nzuri ya dukani hugeuza asilimia 20 hadi 23. Maana yake ni hivi: jua kali la saa sita mchana linaloanguka juu ya mita moja ya mraba lina nguvu ya wati 1,000 hivi, na paneli ya ukubwa huo hutupa wati 200 na kidogo zaidi.

Kitu kipya chaitwa perovskaiti. Jina ni la jiwe lililogunduliwa katika milima ya Ural, Urusi, mwaka 1839. Vinavyotiwa katika paneli si jiwe hilo, bali ni vitu vilivyoundwa kwa mpangilio wa jiwe hilo. Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake huko Japani walitoa khabari za seli yao, iliyogeuza asilimia 3.8. Muda usiofika miaka 20 baadaye, seli ndogo za maabara zimepita asilimia 26. Tena perovskaiti hupakwa kama rangi, utando mwembamba kuliko unywele, bila ya ule moto mkali wa tanuri unaotakiwa na silikoni.

Ukiuweka utando huo juu ya silikoni, kila kimoja hushika sehemu yake ya mwangaza, na nguvu huongezeka. Mwaka 2024 kampuni ya LONGi ya Uchina ilitangaza seli ya tabaka mbili ya namna hiyo iliyofika asilimia 34.6, hali silikoni peke yake haiwezi kuvuka 29 na ushei. Mwaka huo huo Oxford PV ya Uingereza ilianza kupeleka kwa mnunuzi paneli zake za kwanza za tabaka mbili, za asilimia 24.5.

Hizo ni khabari njema. Lakini perovskaiti ina maadui wawili wakubwa, nao ni unyevu na joto. Na sisi twaishi kisiwani, penye masika, vuli, hari na hewa ya chumvi. Silikoni hupewa dhamana ya miaka 25, na ziko zilizokwisha maliza miaka hiyo juu ya mapaa. Kitu kilichozaliwa mwaka 2009 hakijapata hata muda wa kufika huko. Majaribio yapo, kama lile la kuiweka paneli katika joto la digrii 85 na unyevu wa asilimia 85 kwa saa 1,000. Saa hizo ni siku 42 hivi. Si sawa na masika 25.

Jambo la pili ni risasi, ile madini yenye sumu. Perovskaiti inayofanya vizuri zaidi ina risasi ndani yake. Ni kidogo, yapata gramu moja au pungufu kwa mita ya mraba, lakini iko katika hali inayoyeyuka kwenye maji. Paneli ikiwa nzima, kioo huizuia. Ikipasuka, mvua huweza kuitoa. Mkulima anayeanika karafuu zake chini ya paa hilo hana haja ya kuelezwa zaidi. Jina la karafuu zetu limejengwa kwa vizazi, na mnunuzi akishalikataa gunia moja, huyatazama yote kwa jicho la shaka.

Basi maoni yetu ni haya. Anayehitaji taa za kuchambulia karafuu usiku, au pampu ya maji, asingoje. Anunue silikoni sasa. Hata paneli bora ikija baada ya miaka kumi, yake itaendelea kumfanyia kazi. Lakini adai karatasi zinazoonyesha kuwa imejaribiwa kwa unyevu na kwa ukungu wa chumvi. Muuzaji asiyekuwa nazo aachwe na mali yake. Wala asikubali kuambiwa kuwa paneli itamkaushia karafuu siku ya mvua, kwani siku jua linapokosekana jamvini, paneli nayo hulikosa.

Chama nacho kina wajibu. Paneli za tabaka mbili zitakapofika madukani kwetu, kinunue moja tu, kiiweke juu ya paa la ofisi, mbali na sakafu za kuanikia, kando ya paneli ya silikoni. Umeme wa zote mbili upimwe na kuandikwa kila wiki kwa miaka miwili mizima, masika na vuli, na hesabu zisomwe mbele ya wanachama. Ni bora khasara ya paneli moja iwe ya wote kuliko khasara ya paneli mia iwe ya kila mmoja nyumbani kwake. Na paneli zilizovunjika, za aina yo yote, pawekwe mahali maalumu pa kuzikusanya, zisitupwe mashambani.

Twaomba jambo hili litiwe katika ajenda ya mkutano mkuu ujao.